Tusichanganye Umaskini wa Roho na Umaskini wa Mali



Likizo iliyopita tulipelekwa mafrateri wawili kufanya kazi za kichungaji katika parokia moja ya kijijini. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuzitembelea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kusali na wanajumuiya, kuwaona wagonjwa na kutoa mafundisho mafupi pale tulipoombwa. Jioni moja tulifundisha juu ya Heri ya kwanza katika Injili ya Mathayo, ile inayowahusu maskini wa roho. Tulikuwa tumejiandaa vizuri, kwa kuwa darasani tumezoea kutofautisha dhana moja na nyingine. Tulipomaliza, bibi mmoja aliyeketi pembeni ya mkeka alinyoosha mkono akauliza: "Samahani, Frateri. Sisi hapa ni maskini kwelikweli. Hiyo heri ni yetu, au ni ya wenye mali wanaojinyenyekeza?"

Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kisha tukamjibu kwa maneno mengi, na kadiri tulivyoendelea kujibu ndivyo tulivyoona wazi kwamba hatujibu.

Wiki iliyofuata bibi yule hakuja. Tulipouliza, mwenyekiti wa jumuiya alituambia kwa sauti ya chini kwamba anadaiwa michango ya muda mrefu. Siku ile alikuja kwa sababu alisikia kuna mafrateri, akajua daftari la michango halitasomwa. Wiki hii alijua litasomwa.

Tulikwenda kumsalimu nyumbani kwake. Tulimwamkia, akatupatia kigoda na ndoo iliyopinduliwa tukaketi. Hakumlalamikia mtu. Alisema tu kwamba anaona haya jina lake kusomwa kila mara mbele ya wajukuu zake, kwa hiyo Rozari anaisalia nyumbani. Wakati wa kuondoka alitupa mayai matatu aliyoyafunga kwenye kipande cha khanga, akasema, "Mkale, wajukuu zangu, masomo yanataka nguvu." Tuliyapokea kwa mikono miwili, tukarudi parokiani, na usiku ule tulikula wali na nyama.

Tangu siku hiyo swali lake halijatutoka. Makala hii ni jaribio letu la kulijibu upya, na kusema jambo moja ambalo tunaamini linatuhusu sisi sote, waseminari na waamini: umaskini wa roho ni deni la kila mmoja wetu, umaskini wa mali ni adui wa kupigwa vita, na tunapoyachanganya hayo mawili, anayeumia ni maskini.

Maneno matatu yanayokaribiana

Katika Kiswahili chetu cha kanisani kuna maneno matatu yanayosikika kama ndugu. Kuna umaskini wa mali, yaani kukosa chakula, dawa, ada ya shule na paa lisilovuja. Kuna umaskini wa roho, ambao Bwana wetu ameutaja kuwa heri. Halafu kuna kile ambacho mara nyingi wahubiri hukiita umaskini wa kiroho, yaani utupu wa mtu aliyemsahau Mungu. Herufi mbili tu zinatenganisha neno la pili na la tatu, lakini moja ni fadhila na jingine ni msiba. Si ajabu kwamba waamini wengine, wakisikia "maskini wa roho", hudhani anasemwa mtu mwenye roho dhaifu.

Lugha ya Kigiriki inatusaidia hapa. Mathayo (5:3) na Luka (6:20) wote wanatumia neno ptochos. Wagiriki walikuwa na neno jingine, penes, kwa mtu wa kipato kidogo anayejikimu kwa jasho lake. Ptochos ni aliye chini zaidi ya huyo: hana kitu, anaishi kwa kunyoosha mkono. Kwa hiyo maskini wa roho ni ombaomba mbele za Mungu. Anajua kwamba uhai wake, akili yake, wito wake na hata toba yake amepewa. Hashiki kitu kana kwamba ni chake milele.

Wainjili hao wawili wanatofautiana kwa namna inayofaa kuangaliwa. Mathayo anaongeza maneno "wa roho", na anasema juu ya watu kwa mbali kidogo, akiwataja kama "hao". Luka haongezi neno lolote. Katika Luka, Yesu anawatazama maskini walio mbele yake na kuwaambia moja kwa moja kwamba Ufalme ni wao, na mistari michache baadaye anawapa ole matajiri (6:24). Kanisa limezipokea Injili zote mbili, na haliruhusu tuifiche ya Luka nyuma ya Mathayo ili matajiri tupumue.

Maaskofu wa Amerika ya Kilatini walipokutana Medellín mwaka 1968 walilipanga jambo hili vizuri. Walisema kuna umaskini ambao ni upungufu wa mahitaji ya binadamu, na huo ni uovu. Kuna umaskini wa roho, ambao ni kujifungua kwa Mungu. Na kuna umaskini wa kuchagua kwa upendo, pale mtu anaposhiriki hali ya maskini ili kuupinga uovu ule wa kwanza. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika mahubiri yake ya tarehe 1 Januari 2009, aliligusa hilohilo: upo umaskini wa kuchaguliwa, na upo umaskini wa kupigwa vita. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alichagua. Mama anayelala na watoto wake bila kula hakuchagua.

Heri si dawa ya usingizi

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kuichukua Heri ya kwanza na kumpa mwenye njaa ili anyamaze. Tunamwambia kwamba umaskini wake ni baraka, kwamba mateso ya dunia ni ya muda, kwamba matajiri watapata shida kuingia mbinguni. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mtu aliyeshiba yana uzito mdogo sana. Wahenga walishasema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliliona hilo mapema. Oktoba 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, alisema binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye hakuwa tayari kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga na mwenye kukandamizwa. Aliwaonya wasikilizaji wake kwamba Kanisa lisiposhiriki mapambano dhidi ya mifumo inayowafunga watu katika umaskini, watu wataliona kuwa upande wa dhuluma. Hakuwa anaongea kama mtu wa nje. Alikuwa Mkatoliki anayelipenda Kanisa lake, na ndiyo maana alilisema waziwazi.

Katika Falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika kitabu chake kidogo juu ya utawala, alichomwandikia mfalme wa Saiprasi, anasema maisha mema yanahitaji mambo mawili. La kwanza na kubwa ni kutenda kwa fadhila. La pili, ambalo ni kama chombo cha lile la kwanza, ni vitu vya kutosha vya kimwili, kwa sababu bila hivyo hata kutenda kwa fadhila kunakuwa kugumu. Mwandishi wa Mithali alisali sala hiyohiyo kwa maneno yake (30:8-9): asipewe utajiri asije akamsahau Mungu, asipewe umaskini asije akaiba. Maandiko hayapambi njaa. Yanajua kwamba njaa nayo ni kishawishi.

Smirna na Laodikia

Kosa la pili liko upande wa pili, nalo ni kudhani kwamba mfuko ukijaa, na roho imejaa. Hapa Kitabu cha Ufunuo kinatupa barua mbili za kusoma pamoja. Kanisa la Smirna (2:8-11) linaambiwa kwamba Bwana anajua dhiki yake na umaskini wake, na bado linaitwa tajiri. Kanisa la Laodikia (3:14-22) linajisifu kwamba ni tajiri na halihitaji kitu, na linaambiwa kuwa ni maskini, kipofu na uchi.

Laodikia haukuwa mji wa kubahatisha. Ulipoharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 60, mwanahistoria Mroma Tacitus anaandika kwamba ulijijenga upya kwa nguvu zake wenyewe bila msaada wa Roma. Ni jambo la kujivunia. Lakini mazoea ya kujitosheleza yalikuwa yameingia hata kanisani, mpaka Bwana mwenyewe akawa anabisha hodi kutoka nje ya mlango.

Tuangalie vizuri barua ya Smirna. Haisemi kwamba kukosa mali ndiko kulikowafanya wale Wakristo kuwa matajiri. Utajiri wao ulikuwa uaminifu katikati ya mateso. Maskini wa mali anaweza kuwa na wivu, anaweza kuabudu fedha asizokuwa nazo, anaweza kumdhulumu maskini mwenzake. Na mwenye mali anaweza kuwa maskini wa roho, ila dalili yake itaonekana mkononi mwake. Zakayo alipookoka hakusema anajisikia mnyenyekevu. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na malipo mara nne kwa aliowadhulumu (Lk 19:8). Umaskini wa roho usioonekana kwenye hesabu tuutilie shaka.

Daftari la michango

Sasa turudi kwa bibi yetu, kwa sababu ni kwake ambako makosa haya mawili yanakutana. Yeye ni maskini wa mali. Kwa kudaiwa michango akaona haya, kwa kuona haya akaacha jumuiya, na kwa kuacha jumuiya akakosa Neno la Mungu linalosomwa pale, sala za wenzake na ushauri wao. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Evangelii gaudium wa mwaka 2013 (na. 200), alisema ubaguzi mbaya kuliko wote wanaofanyiwa maskini ni kukosa huduma ya kiroho. Tukimsikiliza vizuri tutaona kwamba daftari letu linaweza kufanya ubaguzi huo bila mtu yeyote kukusudia. Maskini wa mali tunamwongezea umaskini wa pili.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya haki. Kanisa haliendeshwi kwa hewa. Katekista ana familia, kigango kinahitaji bati, na sisi wenyewe hapa seminarini tunakula michango ya waamini wa vigango kama kile. Kuitegemeza Kanisa ni wajibu na ni ishara ya kukomaa kwa imani. Maaskofu wa AMECEA walipoweka mkazo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo katika mkutano wao wa mwaka 1976, walitaka Kanisa mahalia linalojitegemea. Hatuombi michango ifutwe.

Tunachoomba ni kusoma sheria yetu hadi mwisho. Sheria ya Kanisa (kan. 222) katika aya ya kwanza inawataka waamini kusaidia mahitaji ya Kanisa, na katika aya ya pili inawataka waamini haohao wakuze haki ya kijamii na kuwasaidia maskini. Kanuni ya 848 inawataka wahudumu waangalie daima kwamba wahitaji hawanyimwi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1181 inasema maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Katekisimu (na. 2043), inapofundisha amri ya Kanisa ya kulitegemeza, inaongeza kwamba kila mmoja afanye hivyo kadiri ya uwezo wake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ambayo mara nyingi hayaandikwi kwenye daftari.

Maandiko yenyewe yana mfano mzuri sana. Sheria ya Walawi (12:8) iliruhusu mama aliyejifungua, kama hana uwezo wa kutoa mwanakondoo, atoe hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kwa sadaka nyingine, asiyeweza hata hao ndege aliruhusiwa kutoa unga (5:11). Na Luka anatuambia (2:24) kwamba Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto Hekaluni walitoa ile sadaka ya ndege. Mama wa Mungu alilipa kiwango cha maskini, na kilihesabiwa kuwa sadaka kamili. Hakubaki na deni la mwanakondoo.

Mjane wa senti mbili naye (Mk 12:41-44) tumemtumia mno kuhamasisha michango. Ni kweli Bwana alimsifu. Lakini mstari mmoja kabla ya habari yake (12:40) Bwana amewalaumu walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Marko ameyaweka hayo mawili jirani. Anayemhubiri mjane aanze mstari mmoja nyuma.

Nasi mafrateri je?

Itakuwa rahisi kuwalaumu viongozi wa jumuiya, ambao wengi nao ni watu wa hali ya chini wanaojitolea bila malipo. Tuanze na sisi. Wengi wetu tumetoka katika nyumba kama ya bibi yule. Hapa seminarini tuna milo mitatu, umeme, maktaba na kitanda cha peke yako. Tukienda likizo tunapewa kiti kilicho bora na paja la kuku, na wadogo zetu wanakula mchuzi. Polepole tunazoea, na baada ya kuzoea tunaanza kudai. Frateri anayenung'unika kwa sababu wamempokea kwa ugali na mboga za majani ameshaanza safari ya kwenda Laodikia.

Mapokeo ya Kanisa, kupitia kwa Mtakatifu Ambrosi, yanatukumbusha shemasi Laurenti wa Roma, aliyeuawa mwaka 258. Alipodaiwa hazina ya Kanisa aliwakusanya maskini akawaonyesha wao. Angekuja leo kutuuliza hazina ya parokia zetu iko wapi, tungemwonyesha jengo, gari na akaunti, na hakuna ubaya kuwa navyo. Lakini je, bibi yule angekuwemo kwenye orodha, au angekuwemo tu kwenye orodha ya wadaiwa?

Tunapendekeza mambo manne, na si magumu. Kwanza, majina ya wadaiwa yasisomwe hadharani. Mhazini amwone mtu pembeni, kwa heshima. Pili, kila jumuiya iwe na kiwango cha njiwa, yaani mchango mdogo ambao mwenye uwezo hafifu akiutoa anahesabiwa kuwa ametimiza, bila maelezo wala huruma za kumdhalilisha. Mayai matatu nayo yahesabiwe. Tatu, sehemu ya makusanyo ya jumuiya ibaki pale kwa ajili ya mgonjwa, yatima na mjane wa jumuiya hiyo. Nne, tunapofundisha umaskini wa roho, tulipeleke fundisho hilo kwanza kwa wenye nacho, na wa kwanza kati yao tuwe sisi.

Kwa bibi yule, kama tungepata nafasi ya kujibu tena, tungesema hivi: Bibi, Luka anasema Ufalme ni wenu, na Mungu hajakosea anwani. Njaa yako si mapenzi yake, na sisi tuliobatizwa pamoja nawe tuna wajibu wa kuiondoa. Lile neno la Mathayo ni la kwetu sote, lakini sisi tulioshiba ndio tunaolihitaji kwa haraka zaidi. Wewe umeshatuonyesha linavyotekelezwa, ulipofungua khanga yako.

Likizo ijayo tukipangiwa tena parokia ile, tutapita kwake kabla ya kwenda jumuiya, na hatutakwenda mikono mitupu. Kisha tutamwomba mwenyekiti amkaribishe kwa jina, mbele ya watu wote, bila daftari.

Mtakatifu Laurenti, shemasi na mfiadini, utuombee.